Fagio Chini ya Mtopetope

Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kufagia uwanja. Niliufagia kabla ya kuteleka chai, kabla hata sijanawa uso vizuri, kwa sababu Bibi alikuwa na neno lake moja: jua likikuta majani uani, limekuta aibu. Basi kwa miaka sita jua halikukuta aibu yoyote. Lilinikuta mimi nimeinama, kiuno kinawaka, vumbi la gereji za Wadi Kabir, huku Uarabuni, limejaa puani, nimeshika fagio la chelewa ambalo ndugu zake Bibi humletea kutoka Unguja. Mafagio ya dukani alikuwa hayaamini.

Nilikuwa nimechoka. Sikuwa mgonjwa wala sikuteswa, chakula nilishiba na kitanda nilikuwa nacho. Nilichoshwa tu na kazi ambayo kesho yake huoni kama ilifanywa. Ukiosha sahani, angalau mtu atakula humo. Ukifagia uwanja, kinachofuata ni jani kudondoka.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya ghorofa moja, na gereji zimeibana pande tatu. Tulikuwa wanne. Bibi alikuwa mzee, magoti yamemkatalia na macho yana ukungu, na ndiye niliyeajiriwa kumtunza. Mwanawe nilimwita Baba, kama wafanyakazi wa nyumbani wanavyowaita waajiri wao huku, ingawa tukilinganisha miaka huenda mimi ndiye mkubwa. Mkewe nilimwita Mama. Hao wawili waliondoka asubuhi kwenda kazini, na mchana kutwa tulibaki mimi, Bibi na mti.

Mti ulikuwa mmoja tu, mtopetope, katikati ya uwanja. Bibi aliupanda kwa mbegu aliyokuja nayo kutoka Unguja alipoletwa huku akiwa bibi harusi. Waarabu wa hapa hulijua tunda hilo kwa jina la mustafal. Sisi Ukambani tunasema matomoko, na siku nilipolitaja jina hilo mbele yake, Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Matomoko! Jina gani hilo, kama mtu anakohoa?"

Tulielewana vizuri, tuseme ukweli. Palikuwa na jambo moja tu kati yetu. Mti ulikuwa hauzai.

Msichana aliyenitangulia, Mkenya mwenzangu, alirudishwa kwao kwa ajili ya uchafu. Hadithi zake nimesimuliwa mpaka nazijua kwa moyo: masufuria yaliyolala na ukoko, majani yaliyorundikana uani hadi kifundo cha mguu, matunda yaliyoanguka na kuoza hapo hapo huku yeye anaongea na simu. Miaka miwili ya huyo mvivu, mti ulizaa mpaka matawi yakawekewa miti ya kuegemeza. Nikaja mimi, mtoto wa mama aliyetuchapa kwa ajili ya jani moja mlangoni. Nikasafisha kila kona. Mti ukatoa maua kama kawaida, maua yakaanguka, na basi. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne.

"Sisemi kitu, mwanangu," Bibi alikuwa akiniambia ninapomkanda miguu. "Lakini tangu uje wewe, mti wangu haujanipa hata moja."

Mtu akisema hasemi kitu, ujue amekwisha kusema. Na siku moja nilipokuwa nikianika nguo, nilimsikia akiongea na dada yake kwa simu: "Huyu mzuri, wallahi, mtiifu, mikono yake misafi. Ila nnaona ana nuksi kidogo."

Nuksi kidogo. Kama vile mtu anavyosema ana kikohozi kidogo. Niliendelea kuanika, nikaanika shuka moja mara mbili, machozi yananitoka. Mimi ni mtu wa kanisa, sikutakiwa kujali maneno kama hayo. Niliyajali.

Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi ndogo, Baba alikuja na futi ya kupimia. Alitaka kujenga kivuli cha gari la pili, na mahali palipofaa ni pale penye mti. Alimwambia mama yake taratibu, ameshika mkono wake. Si mtu wa makelele, na ndiyo maana neno lake huwa zito.

"Mti huu nimeupanda sijakuzaa wewe," Bibi alisema.

"Najua, Mama. Lakini yaani, kila siku majani, na faida yake hakuna. Haya, tufanye hivi. Ukizaa kiangazi hiki, hata topetope moja, siugusi. Usipozaa, khalas, mafundi watakuja."

Bibi hakula siku ile. Macho yake hayakuona tena sura za watu, lakini mti aliuona, kama kivuli cha kijani, na kila asubuhi kiti chake nilikiweka kuuelekea. Nilifikiria atakavyokaa kulielekea gari. Nilifikiria na jambo langu pia, maana kila mtu ana lake: mti ukikatwa kwa kutozaa, ile nuksi yangu itabaki kwenye nyumba ile milele, haitakuwa na wa kuikanusha.

Nikaanza juhudi. Nilitia samadi. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Bibi naye akaleta dawa ya kwao. Alinipa panga la jikoni, akaniambia niusimamie mti nimekunja uso na niutishe, na yeye atauombea. Ndivyo mama yake alivyofanya kwa miti mikaidi. Basi nikasimama pale, mtu mzima na panga mkononi.

"Nakukata leo," niliuambia mti. "Huna kazi hapa."

"Mwache, mwache," Bibi alisihi kutoka kitini, ameinua mikono. "Msamehe. Mwaka huu atazaa, nnamdhamini mimi."

"Miaka sita anakula na kunywa bure."

"Mwache, mwanangu. Amechoka tu."

Sijui kwa nini neno hilo la mwisho lilinipata vile. Nilirudisha panga jikoni, nikakaa juu ya ndoo nikapumua. Maua yaliendelea kuanguka, na kila alfajiri niliyafagia pamoja na majani.

Taka nilizipeleka nje, kwenye pipa la baladia, manispaa ya hapa, lililo ubavuni mwa gereji. Siku moja mwezi wa tano nilikuta lango la gereji limefunguliwa lote, gari linaingizwa kwa kusukumwa, na huko ndani, nyuma ya mapipa ya oili na milango ya magari yaliyogongwa, nikauona mtopetope. Hakuna aliyeupanda, bila shaka uliota kwenye mbegu zilizotemwa. Umepinda, una vumbi, hakuna anayeutilia samadi. Na kwenye matawi yake vitunda vilikuwa vimeshikana, vidogo kama vifungo vya koti, vingi sana.

Nilisimama pale na taka zangu. Nilichokisikia moyoni, niseme bila kuficha, ni wivu.

Fundi mmoja mzee, Mbangladeshi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha gari kisicho na gari, anakunywa chai. Nilikuwa nikimwona kila siku bila kusalimiana zaidi ya kuinua mkono. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni, ni dawa gani wanautia mti ule. Akanijibu kwa Kiarabu chake cha gereji, na hapo ndipo mtu anajua kuwa lugha mbovu mbili zikikutana huelewana vizuri. Hawautii kitu. Kisha akanitazama, akatazama na fagio nililokuwa nalo kwapani, akacheka meno yote nje.

"Inti! Kila siku khash, khash, khash." Aliigiza mtu anayefagia. Kumbe kwa miaka sita nilikuwa saa yake ya kumwamsha. "Inti wajid nadhif. Sajara mafi zen."

Kwamba mimi ni nadhifu mno, na mti haupendi.

Nilidhani ananitania. Lakini aliweka chai chini, akanipeleka chini ya mti wao. Pale chini palikuwa pachafu ajabu: maganda ya ndizi, kokwa za maembe, mapapai yaliyolowa, majani ya mwaka jana yaliyooza na kugeuka meusi. Harufu yake ilikuwa kali na tamu. Akachuma ua moja lililofunguka nusu. Ua la topetope halina uzuri, ni la kijani-njano, nene, linaning'inia kichwa chini kama limeambiwa likae kimya. Akalipasua kwa ukucha wenye oili, akaligonga kwenye kiganja. Wakaanguka wadudu watatu wa kahawia, wadogo kama punje za majani ya chai, wakaanza kutembea.

Hao ndio wenye kazi, aliniambia. Kwao, kabla ya kuja kushika spana, alikuwa mkulima. Alinieleza kwa vidole na kwa Kiarabu, na pale nisipoelewa alirudia bila kuchoka. Ua hilo siku ya kwanza ni jike, lakini halina unga wake wa chavua, maana unga hutoka kesho yake, likishageuka dume. Kwa hiyo haliwezi kujisaidia. Nyuki halitaki hilo ua, halina cha kumpa. Anayelitaka ni huyu mdudu, kwa sababu ua linanukia kama tunda lililoiva mno. Anaingia, analala humo, anaamka ua limegeuka, unga umemwagika mgongoni mwake, anatoka nao kwenda kwenye ua jingine. Na mdudu mwenyewe huzaliwa wapi? Alionyesha chini, kwenye ule uozo. Humo ndimo anamotaga, humo watoto wake wanamokulia.

"Inti," akasema tena, akafagia hewani. "Beit maalu, khalas."

Nyumba yake umeimaliza.

Nilirudi nyumbani nikajifungia bafuni. Miaka sita nilikuwa nikilia kwa ajili ya ile nuksi, nikimwomba Mungu anitetee, na kumbe ilikuwa kweli. Ilikuwa mkononi mwangu, imefungwa kwa kamba, imetoka Unguja. Yule mvivu aliyerudishwa kwao, aliyesemwa vile, alikuwa ameulea mti kwa uvivu wake. Na huko kwetu Ukambani, nikakumbuka, tulifagia uwanja tu. Matomoko yalikuwa shambani, na shambani hakuna mtu aliyewahi kufagia. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, na sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Kesho yake sikufagia chini ya mti. Hilo ni rahisi kuandika. Mikono ilikuwa inawasha. Nilibeba beseni la matunda yaliyooza kutoka gereji nikayamwaga chini ya matawi, nikayafunika kwa majani. Yule fundi alinipa pia kibrashi chake cha kupakia rangi kwenye mikwaruzo ya magari, ili mwaka huu mkono wangu uwasaidie wadudu mpaka wajae tena. Kila asubuhi nilikung'uta unga wa maua yaliyofunguka wazi kwenye kifuniko cha chupa, nikaupaka ndani ya yale yaliyofunguka nusu, nimepanda juu ya ndoo, shingo inaniuma. Nilichoka mara mbili ya zamani.

Haikuchukua siku tatu, Bibi akainua pua.

"Kitu gani kinaoza hapo?"

Nikamweleza. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikaeleza yote: fundi, mdudu, ua, fagio. Nilidhani atafurahi kwamba mti haukuwa na kasoro. Alipapasa pindo la kanga yake.

"Kwa hivyo ni usafi."

"Ndiyo, Bibi."

"Wa kwako."

"Wangu, Bibi."

"Na wangu," akasema. "Kabla yenu nyote wawili nlikuwa nnafagia mimi. Nlipokuja huku nlikuwa mtoto, Kiarabu chenyewe cha kubabaisha. Mawifi zangu wakija hapa hawaji kunitazama mimi, wanakuja kutazama uwanja. Wakisema hawa wa Zinjibari wamezoea kufanyiwa kazi, hawajui kitu. Nkafagia, mwanangu. Nkafagia mpaka mchanga ukaisha. Hapana hata mmoja aliyepata la kusema." Akauelekeza uso kwenye mti. "Na mti ukawa unazaa moja, mbili, kwa kujinyima. Nkasema ardhi ya huku haiutaki. Dhambi yangu naisingizia ardhi."

Hakusema habari ya nuksi. Na mimi sikumkumbusha.

Uozo ule ukaendelea kukua. Mama alipita akiwa ameziba pua. Baba aliniuliza kama naumwa, na Bibi akamjibu badala yangu kwamba siumwi, aache. Nzi walikuja, lakini na wale wadogo wa kahawia nao wakaja. Nilianza kuwaona nikipasua maua yaliyoanguka, mmoja, kisha wawili. Nilifurahi kama mtu aliyetembelewa na jamaa.

Halafu ikakaribia Idi kubwa. Idi katika nyumba ile maana yake ni wageni, na wageni hupita uani. Siku moja kabla, nilimwambia Bibi nitafagia chini ya mti kwa siku hiyo moja tu, halafu nitaleta uchafu mwingine. Nilitaka kufagia. Sikutaka watu waseme hapo pana mfanyakazi kweli? Asubuhi ya Idi, nilipokuwa nikimvalisha Bibi, alinishika mkono.

"Wadudu wakifukuzwa leo, watarudi?"

"Sijui, Bibi. Maua bado yapo, na wao ndio kwanza wanaanza kuzoea."

"Basi usifagie."

Mgeni wa kwanza alikuwa wifi yake, wa mwisho kubaki kati ya wale waliokuwa wakija kutazama uwanja. Mzee kama yeye, mkongojo mkononi, lakini macho yake hayakuwa na ukungu hata kidogo. Alisimama chini ya mti. Akatazama majani, akatazama mapapai, akanitazama mimi na sinia langu la halua na kahawa.

"Harufu gani hii?" aliuliza. "Siku ya Idi? Huyu wako hafagii?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mimi ndo nimemkataza," Bibi alisema kutoka kitini. Alikuwa wima, ameinua kidevu. "Pana wadudu wangu wanakaa hapo."

"Wadudu wako?"

"Wangu. Wananifanyia kazi. Karibu ukae."

Wifi akakaa. Alikunywa kahawa yake, akazungumza habari za watoto na presha, na macho yake hayakuacha kurudi chini ya mti. Alipoondoka, Bibi aliniomba maji, akanywa glasi mbili mfululizo. Tangu aletwe bibi harusi alikuwa akiepa maneno ya mtu yule, na sasa alikuwa amempa ya kusema hadi Idi nyingine.

Mwezi wa nane mafundi wa kivuli walipiga simu. Baba alitoka uani na kanzu yake, akauzunguka mti polepole. Nilikuwa nimeyahesabu matunda tayari, sikuhitaji kuonyesha. Yalikuwa kumi na moja. Mengi nilikuwa nimeyapaka kwa kibrashi na sidai kuwa najua ni kazi ya nani. Lakini mawili yalikuwa kwenye tawi la juu kabisa, nisilolifikia hata nikipanda ndoo juu ya meza. Alilitazama lile tawi, akaingia ndani, nikamsikia akiwaambia basi, haina haja.

La kwanza liliiva mwezi wa tisa. Nililipasua mbele ya Bibi, akala kwa vidole, mbegu anazitema mkononi mwangu moja moja. Alilimaliza lote. Kisha akaniuliza kama kuna lililoanguka. Nikamwambia lipo moja, limeliwa na kunguru nusu.

"Hilo liache palepale," alisema. "Ni lao."

Lakini mwili una mazoea yake. Asubuhi chache baadaye niliamka kama kawaida, nusu usingizini, nikachukua fagio, nikaanza mlangoni, nikaja nalo taratibu hadi penye mti, na nilipoliinua ndipo nikakumbuka. Nililiweka chini. Sikuwa na kitu cha kufanya pale. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, nilikaa kwenye kiti cha Bibi, magoti yakanishukuru, nikawa natazama tu. Gereji zilikuwa hazijafunguliwa. Jua lilipanda ukutani, likashuka uani, likanikuta nimekaa, majani miguuni.

Dirisha la Bibi lilikuwa wazi. Aliamka, akasikiliza.

"Mwanangu, sisikii fagio. Umeshafagia?"

Nilifikiri niseme uongo. Nilikuwa nimechoka hata kwa uongo.

"Sijafagia, Bibi. Nimekaa."

Asubuhi zote za miaka sita nilizofagia, zote, hakuwahi kuniambia neno la shukrani.

"Ahsante," alisema.